Tableti zimefaulu, au walichagua shule nzuri?

Mhariri,

Juzi wazazi tuliitwa shuleni, sitaitaja, kijana wa shirika lililoleta tableti akatuonyesha slaidi ukutani, eti jaribio limefaulu kwa sababu shule zilizopewa zimepita zile ambazo hazikupewa. Watu makofi. Mimi nilibaki najiuliza hizo shule zilichaguliwaje, na yeye mwenyewe alikuwa ashasema, zilizopata ni zile ambazo mwalimu mkuu aliomba.

Sasa mwalimu mkuu anayehangaika na barua za kuomba tableti si ndiye huyohuyo anayefika saa kumi na mbili na nusu na kutoa walimu stafurumu waingie darasani? Hiyo shule ingepita hata na slati. Na haya mambo yalishapimwa hapa hapa Kenya na kina Michael Kremer, yule mchumi wa Nobel ya 2019. Ukilinganisha tu shule zenye chati kubwa za kufundishia na zisizo nazo, chati zilionekana zinapandisha alama kweli kweli, lakini walipochukua shule 178, nusu zipewe nusu zisipewe bila kungoja nani ameomba, faida haikuonekana. Kwani kuchagua shule za kupewa kwa bahati nasibu kunagharimu nini jamani, karatasi na kofia.

Halafu kuna mtoto wa jirani, yeye anasoma shule mojawapo ya zile ambazo hazikupewa tableti, za kulinganishwa. Kila jioni yuko kwa kochi yangu hapa Umoja anafanya hesabu kwa tableti ya binti yangu. Huyo yuko kundi gani? Kule Busia dawa za minyoo zilisaidia hadi watoto wa shule jirani ambazo hazikuwa zimepewa, lakini watafiti waliliona hilo wakalihesabu. Hawa wetu hata hawajui kochi yangu ipo.

Kilichoniudhi zaidi ni siku ya mtihani. Binti yangu anasema madawati ya nyuma yalikuwa matupu, wale wanaosumbuliwa na hesabu waliambiwa wapumzike nyumbani, watano aliwahesabu kwa majina. Nilimfuata huyo kijana getini nikamuuliza hao watano mmewaweka wapi kwenye ile slaidi, akacheka kidogo akasema ripoti kamili atanitumia, akaandika namba yangu nyuma ya bahasha.

Wiki ya tatu hii.

Mzazi, Umoja, Nairobi