Mhariri, watumeni watu wakawaulize malenga wanatunga vipi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini, na niwie radhi barua ikiwa ndefu manake hili jambo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita.

Mimi nafundisha Kiswahili shule ya upili huku Kisauni, na kila mwaka tukifika kwa ushairi kazi ni ile ile, hesabu mishororo, hesabu mizani, yaani silabi, taja vina vya kati na vya mwisho, sema ni tarbia ya mishororo minne ama takhmisa ya mitano, eleza uhuru wa mshairi, basi, karatasi ya tatu imekwisha. Watoto wanaijua hio kazi vizuri sana, wengine wanakata mshororo nusu mbili, ukwapi na utao, hata kabla sijamaliza kusoma. Sasa siku moja kuna kijana mmoja wa viti vya nyuma, mtoto mpole si wa maswali, akanyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyetunga alianza na vina ndo akatafuta maneno, ama alianza na maneno vina vikaja?" Darasa zima likanyamaza linanitizama. Nikamwambia ntakujibu kesho. Kesho ikafika sina jibu, nimepekua miongozo yote nilio nayo, hakuna kitu. Inaeleza shairi likishakua shairi. Vile lilikua kabla ya hapo, pale mtu yuko peke yake na kuna neno moja halitaki kukaa, hapo haigusi kabisa.

Iliniuma zaidi kwa sababu mimi nimelelewa na mtunzi.

Babu yangu mzaa mama alikua mshona kofia hapo Kibokoni. Hakutoa kitabu, mashairi yake yalisomwa redioni mara mbili tatu na mengine yaliimbwa harusini, lakini mtaani ukitupiwa shairi na mtu ukataka la kumjibu, ulienda kwake. Alikaa barazani na kofia gotini, anashona huku anaimba puani. Nakumbuka sana vile alivokua akihesabu. Akifika pahali fulani anaichoma sindano kwenye kofia, anaiweka pembeni, kisha kidole gumba kinaanza kugonga vile vidole vinne, kwenda vinne, kurudi vinne, hapo 8, anavuta pumzi, kwenda tena na kurudi, 8 nyengine, 16 zimetimia. Gumba likiangukia kidole siko, anatikisa kichwa anaanza upya. Sikumuona kuhesabu kwa karatasi hata siku moja. Wala hakuyasema maneno, aliyaimba, neno likitosha mizani lakini halikubali kuimbika kwake halikua na kazi, na alikua hapendi kabisa vile vineno vya kubandika ili hesabu itimie, akisema "anayeimba atajikwaa hapo."

Halafu kuna habari ya paa. Nlikua na miaka 10 hivi, na mimi ndo nikimwandikia manake macho yake yalikua yashaanza kuingia ukungu. Lilikua shairi la kuchezea neno moja, kila mshororo una paa yake, paa la nyumba, paa wa mwituni, kupaa angani, na kupaa samaki. Nikaandika zote sawa sawa kama tulivofundishwa shule. Akaniambia nisome, nikasoma, nlipofika kwa yule mnyama akanisimamisha. "Huyu ana pumzi, mama. Tia mkono mbele ya mdomo useme." Nikatia, na kweli pumzi ikanigonga kiganjani, kwa lile la nyumba haikugonga. Akaniambia nitie alama ndogo baada ya ile pe. Mpaka leo iko kwenye daftari, p'aa, kwa wino wa buluu. Hati ya shule haiandiki alama hio lakini sikio la Mvita, yaani la hapa Mombasa, linaisikia, na shairi lote lilikua limesimama hapo.

Nikamuuliza, hata sijui nlitumwa na nini, "Babu, hili neno ulilitoa wapi?" Akaniambia Nyanya alikua uani akipaa tasi kwa kisu, yeye yuko huku barazani anasikia magamba yanavokwaruzwa, kichwani akajisemea paa, paa, kuinua macho akaona paa la jirani la mabati limeota kutu. Hizo mbili zikamtuma atafute zengine. Akaniambia pia kwamba kiishio, ule mshororo wa chini kabisa, ndo aliopata kwanza, zile beti za juu alizijenga baadae ili zije zikalie pale. Na alikwama siku 3 na yule mnyama, kwa sababu hakutaka aingie shairini ati kwa vile jina lake lafanana, alitaka awe na kazi humo ndani.

Hio ndo mara pekee nlimuuliza. Daftari lina mashairi 31 na najua moja tu lilivotungwa. Yale 30 ninayo maneno yake yote, vina viko, mizani zimetimia, lakini alianzia wapi na alifuta nini na alikua akimkusudia nani, amekwenda nayo, Mungu amrehemu.

Mhariri, huu mji unajiita mji wa washairi na ni haki yake. Lakini tizama Muyaka bin Haji mwenyewe, ambae hata asiyesoma hapa Mombasa anamtaja. Alifariki karibu na 1840, diwani yake ikapigwa chapa 1940 huko Johannesburg, yaani karibu miaka 100 hapo katikati. Kilichoyaokoa yale mashairi ni mtu kukaa na wazee akauliza. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa wanaoyajua akayaandika kwa herufi za Kiarabu, kisha akawa anakaa na yule padri Mwingereza Taylor akimfafanulia, hili lilisemwa siku gani, hili alikua anajibiwa nani. Bila kazi ya hao wawili tungebaki tunaokoteza mshororo huku na mshororo kule. Na leo ukitaka kuziona zile hati uende London. Nasema hivi kwa uchungu, manake kuuliza na kuandika ni kitu tulikua tunakijua sisi wenyewe, Sikujua hakua mgeni hapa.

Ama chukua Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa. Alifungwa miaka 3, 1969 mpaka 1972, kwa ajili ya karatasi aliyoandika kuuliza Kenya twendapi, na humo jela ndo alitunga yale mashairi ya Sauti ya Dhiki yaliotoka kitabu 1973. Tunajua kwamba aliyaandika kwa kuibia, kwenye karatasi za choo, na tunajua kwa sababu watu walimuuliza naye akasimulia. Ukishajua hilo husomi tena vile vile. Unaanza kufikiria karatasi ile ilivo laini na ilivo ndogo, mtu anayeandika hapo hana nafasi ya kukata na kurudia, lazima shairi liwe lishaiva kichwani kabla kalamu haijagusa, na hapo ndo unaona vina na mizani si urembo, ni kamba ya kulishikia shairi lisikuponyoke gizani. Hii nliwapa wanafunzi wangu kama jibu la nusu kwa swali la yule kijana. Walitulia tuli, kipindi kikapigwa kengele hawataki kutoka.

Wenzetu wa nje hii kazi wanaifanya miaka mingi. Kuna jarida la Paris Review lilianza 1953 na tangu toleo la kwanza linakaa na waandishi na kuwauliza kazi yenyewe, unaandika saa ngapi, unafuta mara ngapi. Humo ndo Hemingway mwaka 1958 alieleza kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake moja aliuandika mara 39 mpaka akaridhika, na kwamba alizoea kuandika amesimama. Mara 39! Mwanafunzi anayelia nikimwambia arudie insha mara ya pili akisikia hivo anaona kumbe kurudia si adhabu. Lakini kwa nini mfano wangu darasani uwe Hemingway? Mtunzi yuko hapa mtaa wa pili anafuta mshororo wake mara 39 vile vile na hakuna anayejua.

Si kwamba hawaulizwi kabisa, wanaulizwa vibaya. Mwaka juzi alikuja kijana wa kituo kimoja cha redio, sitakitaja, kumhoji mzee mmoja jirani yetu ambae ametunga tangu ujana wake. Mimi ndo nlileta kahawa na mahamri kwa hivo nlikaa mpaka mwisho. Kijana ameweka simu juu ya mkeka anarekodi, akauliza ulianza lini, nani alikuvutia, una ujumbe gani kwa vijana. Mzee akajibu kwa adabu. Halafu mwenyewe bila kuulizwa akaanza kueleza shairi fulani la kujibizana, vile alipokea beti za mwenzake jioni na alitakiwa ajibu kwa vina vile vile kabla ya asubuhi, vile usiku ule kina cha "-ndi" kilimkatalia akaanza kutaja majina ya samaki na miti yote anayojua kulitafuta neno, na akaanza kuimba ule mshororo kwa njia tatu tofauti, ya kwanza aliyoiacha, ya pili aliyoiacha, na ile aliyoituma. Mhariri, mimi nywele zilinisimama. Yule kijana akatizama saa akasema, "Mzee, tufupishe." Alirekodi dakika zaidi ya 40. Zikatoka hewani dakika 2, ujumbe kwa vijana, na muziki umewekwa chini yake. Nlimtafuta baadae nikamuomba anitumie ile rekodi yote hata kwa Wasapu, akaniambia simu ilijaa akazifuta.

Yule mzee saa hii hasikii vizuri na ile njia ya kwanza na ya pili ashazisahau. Nimejaribu kumkumbusha, anatabasamu tu.

Kwa hivo ombi langu ni hili. Gazeti lenu linachapa mashairi na watu wanayasoma, wengine wanakata wanaweka. Tupeni na nusu ukurasa pembeni yake, hata mara moja kwa mwezi, wa mazungumzo na mmoja wa hao watunzi, na asitumwe ripota aliyekosa kazi siku hio, atumwe mtu anayejua mizani kwa sikio. Aulize kuhusu shairi moja tu, lile ambalo watu washalisoma. Neno gani lilikuja kwanza, ulikua wapi, mikono yako ilikua inafanya kazi gani, mshororo gani ulikusumbua, uliutupa upi na ulikua unasemaje, nani ulimsomea kabla hujautoa, na kama lilienda kuimbwa taarabu, lahani, yaani sauti ya kuimbia, ilitangulia ama ilifuata. Mtu akijibu kwa Kimvita chapeni Kimvita chake, musimsafishie, akisema ndia musimwekee njia.

Na musiende kwa wanaume wa barazani tu. Nyimbo za vugo na za lelemama, ngoma za kina mama, zimetungwa na wanawake, na kuna mama zetu mpaka leo analetewa jina la bibi harusi na la mamake siku 2 kabla na nyimbo iwe tayari, na anaitunga huku anapika, hao hakuna hata mmoja nimeona picha yake gazetini. Vijana pia wapo. Huyo huyo mwanafunzi wangu aliyeuliza swali nimekuja kujua anatunga kwenye matatu kutoka Bamburi akija shule, anajirekodi kwa simu kwa sauti ya chini, ndo akifika anaandika. Alikua anaulizia mambo yake.

Mimi nawajua wazee wawili hapa Mji wa Kale na mama mmoja Majengo walio tayari kuzungumza, nshawauliza wamekubali. Ripota wenu ntampeleka mwenyewe, kahawa iko. Aje baada ya alasiri siku yoyote isipokua Ijumaa, asiwe na haraka ya kurudi ofisini, na simu yake iwe na nafasi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kisauni, Mombasa