Sataranji ya mtandaoni si kamari

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba kila anayeinamia simu usiku akicheza, ama anabeti ama hana kazi. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 52, kazi ninayo, na sijawahi kuweka hata shilingi kwenye mkeka. Hata hivyo, kila Ijumaa saa tatu usiku huwa nimeinamia simu nikicheza sataranji na watu ambao wengi wao sijapata kuwatia machoni.

Tuko 18. Wengi wanaishi Tanga na Dar es Salaam, wachache Mombasa, mzee mmoja yuko Muscat, ambako wakati huo ni saa nne, na dada mmoja yuko Toronto, ambaye miezi ya joto hucheza saa nane mchana huku akila chakula chake cha kazini. Tunatumia Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ambayo haitozi ada wala haina matangazo kwa kuwa inaendeshwa kwa michango ya hiari. Nikishindwa vibaya, mzee wa Muscat hunipigia simu, tukaurudia mchezo hatua kwa hatua mpaka anionyeshe mahali ambapo farasi wangu alizubaa pembeni ya ubao. Na nilipofiwa na mama yangu, ubani wa watu hawa ulinifikia kabla baadhi ya jamaa zangu hawajapata habari. Sijui huyo mwandishi angeiita kamari ya namna gani.

Sisemi kwamba hakuna maudhi. Mtandao ukikatika, saa ya mchezo haikungoji, nawe unahesabiwa umeshindwa huku malkia wako akiwa amesimama mlangoni kwa mfalme wa mwenzako. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, tulikuwa tumepanga shindano letu, na sisi wa Tanzania hatukuweza kuingia hata mmoja.

Hayo yanavumilika. Linaloniuma ni udanganyifu. Tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, mwaka 1997, mashine zimeendelea kupata nguvu, na leo programu ya bure ndani ya simu humshinda bingwa yeyote wa dunia, kwa hiyo mtu asiyejua hata kupanga kete anaweza kuifungua pembeni na kukunyoa bila maji. Nje ya kikundi chetu nilikutana na mmoja wa aina hiyo. Kila hatua yake ilichukua sekunde nane: hatua ngumu sekunde nane, na hata nilipomwachia ngome yangu wazi, ambayo mtoto angeila papo hapo, alisubiri zilezile nane. Baadaye alifungiwa nami nikarudishiwa pointi zangu, lakini usiku wangu haukurudi.

Ubaya zaidi ni kwamba shaka hiyo inaambukiza. Mwezi uliopita nilicheza mchezo ambao, niseme kweli, sijawahi kucheza mzuri kama huo, na kijana niliyemshinda akaniandikia kuwa mimi ni mwizi, pamoja na matusi ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa. Nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba nami nimeshawashuku watu wawili au watatu ambao pengine kosa lao lilikuwa kunizidi akili tu.

Nina ombi moja, Mhariri. Karibu na fumbo la maneno la kila Jumamosi, tutengeeni nafasi ndogo ya fumbo la sataranji, jibu lake litoke wiki inayofuata. Karatasi haihitaji kifurushi, na nyaya zikikatika tena tutakuwa na la kufanya.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga