Data ya usingizi kwa kipindi cha Alhamisi

Walimu wenzangu, habari za jioni. Alhamisi tuachane na namba za kubuni. Tutatumia sleepstudy, data ya watu waliopunguziwa usingizi, iliyomo kwenye kifurushi cha lme4 cha programu ya takwimu ya R: washiriki 18, siku 10, muda wa kuitikia kwa milisekunde.

Kabla ya hesabu yoyote, kila mwanafunzi achore grafu ya mshiriki mmoja kwa mkono. Mwenye namba 308 anaanzia karibu milisekunde 250 na kumalizia 466. Wa 335 anaanza na kumaliza karibu 240. Wakiziweka grafu hizo mbili mezani, swali la tofauti kati ya watu wataliuliza wenyewe. Napenda sana dakika ile!

Tafadhali wakumbusheni: siku zinahesabiwa kuanzia 0, na kupunguziwa usingizi kulianza baada ya siku ya 2. Asiyelijua hilo atafasiri mteremko wa grafu vibaya.

Karatasi za grafu nitaleta mimi.