Salamu za Noeli kwa wana wa Tosa

Kamwene, salamu yetu ya Kihehe! Na kwa mliozoea, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia mvua ikinyesha. Imeanza wiki hii, ile mvua ya kweli ya Iringa ambayo mtu hukimbizana nayo shambani, na wengine bado tuna mbegu kwenye debe. Mvua na Noeli huku kwetu huja pamoja. Kila mwaka, ikianza kupiga bati la nyumba yangu, nalikumbuka darasa letu katika shule ya zamani ya misioni ya Tosamaganga, Tosa yetu, ambamo tuliiona mvua dirishani kabla ya kuisikia.

Mnakumbuka? Kwenye madarasa ya bati mwalimu huweka chaki chini akangoja mvua ipungue. Sisi somo liliendelea, maana juu yetu kulikuwa na vigae vya udongo. Wakati ule nilidhani vigae ni urembo tu wa Waitaliano. Nimekuja kuelewa ukubwani, nilipoanza kujenga, na fundi mmoja mzee akanieleza kila kitu kwa subira. Kigae ni kizito, kwa hiyo kenchi, zile mbao zinazobeba paa, lazima ziwe nene, na paa lazima liinuke ili maji yasitulie. Kuta nene nazo zina kazi. Julai, baridi inapogandisha vidole hata kalamu haishikiki, ukuta wa tofali la kuchoma ulioshiba jua mchana kutwa huachia joto lake polepole usiku.

Halafu yale matao. Fundi wa tao hahitaji lenta ya zege wala nondo. Hupanga matofali juu ya umbo la mbao, yakabanana, kila moja likimkaba mwenzake, na uzito wa ukuta ukateremkia pembeni. Mbao zikiondolewa, tao linabaki limesimama lenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa matofali ya misioni. Alitusimulia jioni, miguu yake yenye nyufa ikiwa karibu na moto: udongo ulichimbwa bondeni, ukalowekwa, ukakanyagwa kwa miguu tangu alfajiri, ukapigwa kwenye kalibu na kuanikwa taratibu usipasuke. Kisha tanuri likapangwa, likakandikwa tope nje, na kuni zikawaka usiku na mchana, watu wakipokezana kulala. Kazi hiyo vijana wa vijiji vyetu wanaifanya hadi leo kila kiangazi, kwa namna ileile. Watu husema majengo yale ni ya Wakonsolata, wamisionari Wakatoliki kutoka Italia. Babu alisema, “Yale tuliyojenga.”

Na wote wawili walisema kweli. Misioni ilifunguliwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, jirani na Kalenga, miaka michache tu baada ya ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kuangushwa Oktoba 30, 1894. Fikirini uzito wa jambo hilo: wazee waliokuwa wameona mizinga ndio walioanza kuletewa kengele. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Torino. Mwanzilishi wao, Yosefu Allamano, aliyeliunda shirika mwaka 1901, hakuwahi kukanyaga Afrika. Oktoba 20, 2024 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu, na nilipoisikia habari hiyo nilimwombea pia babu, ambaye udongo aliukanyaga kwelikweli.

Ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za mashirika ya dini zikachukuliwa na serikali. Ulikuwa uamuzi wa haki, nauamini hivyo kwa moyo wote, kwa sababu bila huo nisingeketi dawati moja na Mwislamu kutoka Tanga na Mlutheri kutoka Njombe, ambao leo ni ndugu zangu. Salamu hizi ni zao pia.

Kinachoniuma ni namna majengo ya zamani kama haya yanavyotunzwa katika nyanda zetu za juu. Nimepita kwenye misioni kadhaa nikaona kigae kimevunjika, kikazibwa kwa kipande cha bati. Bati na kigae havilaliani vizuri. Maji hupenyeza, kenchi inaoza kimyakimya, na baada ya misimu kadhaa ya mvua watu wanasema jengo limezeeka, bora livunjwe. Wakati udongo uko palepale bondeni, na mafundi wa tanuri tunao!

Basi ndugu zangu mnaopanda mlima Kitonga kuja Iringa wiki hii na watoto wamelala kwenye viti vya nyuma, nawaomba jambo moja. Tafuteni nusu siku mwende Tosa, mvua ikiwa inanyesha hasa. Waonyesheni watoto tao, wagusishe vidole ukutani, wasikilize paa. Na wenye babu au bibi aliye hai, mwulizeni udongo ulichimbwa bonde lipi na nani alikuwa fundi mkuu wa tanuri, mwandike majina. Mimi nilichelewa kumwuliza babu yangu hayo, na sasa yuko kwa Bwana.

Nawatakia Noeli njema na mwaka mpya wenye mvua za kutosha. Mkifika, piteni nyumbani. Mianzi imeanza kugemwa, mtogwa, ule ulanzi mpya mtamu, utakuwepo, na watoto watapata mahindi ya kuchoma.

Kamwene.