Mashirika ya ndege yatuambie habari ya bunduki kabla ya kuchukua hela zetu

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni toka nirudi safari. Mimi ni mwindaji, bunduki yangu naimiliki kihalali, leseni ninayo, na safari hii nilikuwa naenda kuwinda nje, tiketi moja yenye kituo kimoja cha kubadilisha ndege. Taratibu zote nilifuata. Kasha gumu lina kufuli mbili, chemba (pale inapokaa risasi) tupu, bolti (kile chuma cha kufungia chemba) nimeitoa nimeiviringisha kwenye kitambaa, kaunta nikasema mwenyewe kabla sijaulizwa. Afisa akaja na tochi akasoma serial namba herufi kwa herufi, akarudia mara mbili kwa sababu kuna 8 moja imefifia inasomeka kama B, akalinganisha na kibali, tukafunga, ufunguo nikabaki nao mimi. Mpaka hapo sina lawama na mtu.

Shida ikaja pale tulipobadilishia ndege. Ya pili ikafutwa, sasa dada wa kaunta, ambaye kwa kweli alikuwa anajitahidi na foleni ilikuwa ndefu sana, akabonyeza kompyuta akanipa bodi pasi mpya ya kupitia nchi nyingine kabisa. Nikamwambia dada samahani, nina bunduki kwenye mizigo, kibali cha kupita nilichonacho ni cha hapa tu, huko unakonipeleka sina. Akanijibu usijali, mzigo utakufuata. Nikamwambia hapana dada yangu, huo mzigo ukinifuata unakamatwa na mimi nakamatwa nao. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akapiga simu huku na huku, masaa mawili yakaisha hakuna aliyekuwa na jibu. Mwisho nikaikataa ile bodi pasi nikasubiri siku mbili ndege ya njia yangu ya mwanzo, kasha likakaa forodha, na siku mbili za kuwinda nilizolipia zikapotea hivyohivyo.

Mhariri, watu wengi hawajui kwamba mtu na bunduki yake hawasafiri kwa sheria moja. Mimi nikiwa transiti nakaa kwenye benchi nasubiri ndege, nchi ile hata haina habari na mimi, lakini bunduki ikigusa uwanja wao kuna nchi zinahesabu imeingia. Ukipitia Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kwa mfano, forodha ya Uholanzi ina idhini yake ya kuombwa mapema hata kama wewe hutoki nje ya uwanja. Ukienda kuwinda Afrika Kusini unajaza fomu ya polisi SAPS 520, kwa wino mweusi, na sahihi huweki nyumbani, unaweka mbele ya askari. Mgeni anayeingia Marekani na bunduki ya kuwindia anatakiwa awe na kibali cha ATF, idara yao inayosimamia silaha, ile fomu 6NIA, na mkazi wa kule anayetoka na yake anaisajili forodha kwenye fomu 4457 ili akirudi asiambiwe ameinunua nje. Wakazi wa Umoja wa Ulaya wana pasi yao ya silaha. Kila mlango na ufunguo wake, na hakuna mlango utakaokufungulia eti kwa sababu uliotoka ulikuruhusu.

Na mbaya zaidi ni tiketi mbili tofauti. Mtu anaona bei imeshuka ananunua shirika hili mpaka katikati, halafu shirika lingine kumalizia. Kwa begi la nguo hilo halina neno, unalichukua unalicheki tena. Kwa bunduki maana yake umeivusha forodha umeiingiza nchi ya watu, na kama huna kibali cha kuingiza basi umevunja sheria ukiwa umesimama palepale kwenye mkanda wa mizigo. Ndugu zangu wawindaji nawasihi, hiyo nafuu ya tiketi achaneni nayo.

Kuna kisa cha mwaka 2005 huwa nakikumbuka sana. Abiria wa kutoka Utah, Marekani, ndani ya nchi yake mwenyewe, alikuwa na bastola aliyoitangaza vizuri kabisa alipoondoka. Pale uwanja wa Newark, jimbo la New Jersey, akachelewa kuunganisha, mzigo nao haukutokea kwa wakati, alipoupata ikabidi alale nao hoteli ya uwanja. Asubuhi akarudi kaunta akaitangaza tena kama mtu mwaminifu, wakamkamata, kwa sababu sheria inayomlinda anayepita na silaha inataka silaha isiwe mahali anapoweza kuifikia, na usiku ule alikuwa nayo chumbani. Alikaa ndani siku kadhaa. Mashitaka yakaja kufutwa, yeye akafungua kesi ya kudai haki yake, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Koneksheni moja tu iliyoteleza! Kwa hiyo ukiona umekwama njiani na wanakurudishia kasha, usilipokee kwanza, waambie walihifadhi wao au waite polisi wa uwanja.

Risasi sitazisemea sana, hizo angalau sheria yake inafahamika, mwisho kilo 5 kwa mtu mmoja na hapo unapima pamoja na boksi lake, haziendi begi la mkononi, na mke na mume hawaruhusiwi kuunganisha kilo zao zikawa 10 kwenye boksi moja. Baruti ya kumwaga, yaani ya unga isiyo ndani ya risasi, usibebe kabisa.

Ninacholalamikia ni kwamba mashirika haya yanajua yote niliyoandika hapa. Unapokata tiketi kwenye mtandao wanakuuliza unataka kiti cha dirishani, unakula nyama au huli, unataka bima, lakini hakuna sehemu wanauliza una silaha? Wangeuliza hapo hapo kabla ya kulipa, halafu wakakutajia kila uwanja utakaopita unataka nini na unaomba siku ngapi kabla, watu wangechagua njia nyingine mapema. Sasa hivi unalipa kwanza ndo unaambiwa upige simu, na anayepokea simu anakwambia sisi tumekukubalia, ulizia na shirika la ndege ya pili, kana kwamba tiketi si moja!

Na kitu kingine, ile idhini ya shirika kunibebea bunduki ilikuwa imeandikwa kwenye bukingi, mimi ninayo kwenye barua pepe na namba yake ipo. Yule dada kwenye skrini yake haikuwepo, aliiona kwenye simu yangu. Kama ingekuwa inajitokeza kwa kila anayefungua jina langu, asingenichapishia ile bodi pasi.

Nasafiri tena msimu ujao. Nimeshaandikia mashirika yote mawili nitakayopanda, nimewapa namba ya bunduki, urefu wa kasha na uzito. La kwanza limejibu kwa maandishi. La pili bado nalisubiri, na tiketi sijalipia.

Ni mimi msomaji wako,
Mwindaji