Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa mipango miji: mabati yatoke

Mheshimiwa, shikamoo na pole na majukumu. Nakuandikia hadharani maana ofisini kwako nimeshafika mpaka dada wa mapokezi ananijua kwa sura na jibu ni lile lile, njoo wiki ijayo.

Jumamosi tumeamka tukakuta eneo letu la wazi limezungushiwa mabati, mwembe uko chini, fuso inashusha matofali. Tukawauliza mafundi wanasema zinajengwa fremu. Fremu tena jamani! Kuanzia barabara kubwa mpaka huku kwetu ni fremu tupu na nyingine zina kufuli tangu zijengwe, hazina mpangaji. Na pale ndo palikuwa pamebaki mtaani kwetu ambapo mtu akisimama analiona ziwa.

Mimi sio mtaalamu ila macho ninayo. Kigoma tumepewa milima na Ziwa Tanganyika, kazi iliyobaki ni kupanga tu. Reli ilipofika 1914 stesheni iliwekwa kule chini karibu na maji, na ukitoka hapo barabara inapanda kwenda Mwanga na miembe yake pembeni, mgeni akishuka kwenye treni anasifia. Ujiji nako hivyo hivyo, miembe ya njia ya misafara watu wanatoka mbali kuja kuiona. Uzuri ule umebaki kwa sababu kuna nafasi iliachwa na waliofuata hawakuijengea.

Sasa eneo lile ndo lilikuwa linapokea maji ya mlimani. Wamemwaga kifusi wakashindilia, mvua ya juzi maji yote yakaja kwangu, godoro la wanangu mpaka leo liko nje halijakauka. Na watoto wanachezea barabarani, bodaboda hawapunguzi spidi.

Mheshimiwa ulisimama chini ya mwembe huo huo kwenye mkutano wa mtaa ukasema kwa mdomo wako hapa hapajengwi, patapandwa miti na kuwekwa mabenchi. Tulikupigia makofi. Ramani inasema eneo la wazi, Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007, sisi hakuna aliyetuita kutuambia matumizi yamebadilika. Nahisi kuna mtu kapewa kimyakimya, kama sivyo tuonyeshwe kibali.

Sidai lami, sidai taa, hizo tutasubiri. Naomba mabati yatoke. Msingi wa upande wa chini umeshachimbwa, ukisema wiki ijayo utakuta wamefika kwenye lenta.

Mkazi wako, Kigoma