Eça de Queirós asiwekwe kapu moja na manahodha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba sanamu za Lisbon zote ni za watu waliokwenda kutawala wengine, na kwamba Mwafrika akifika huku asisimame mbele ya hata moja. Hasira yake naielewa. Ukifika Belém, kando ya mto Tejo, ule mnara wa 1960 wenye manahodha na wafalme waliopangwa kwenye jiwe refu nami huwa naupita bila kugeuka.

Lakini ipo moja ninayomsihi aitazame. Nafanya kazi jikoni katika mgahawa mmoja wa Chiado, katikati ya Lisbon, na nikimaliza zamu nashuka mtaa wa Rua do Alecrim kuelekea stesheni ya Cais do Sodré. Kwenye mteremko huo kuna kiwanja kidogo chenye miti, Largo do Barão de Quintela. Hapo amesimama mwandishi wa Kireno Eça de Queirós, bwana mwenye masharubu, ameinama akimwangalia mwanamke aliyetandaza mikono huku kitambaa chepesi kikimteleza mwilini. Mwanamke huyo ni Ukweli. Chini yamechongwa maneno ya Eça mwenyewe, kutoka riwaya yake A Relíquia, kwamba juu ya uchi wenye nguvu wa ukweli hutandazwa vazi jepesi la ubunifu. Usiku taa za mtaani zikimpiga, mikunjo ya kile kitambaa inaonekana kama nguo iliyolowa maji.

Ni kazi ya António Teixeira Lopes, iliyozinduliwa 1903, miaka mitatu baada ya Eça kufa. Ya kwanza ilikuwa ya mawe. Wahuni waliiharibu mara kwa mara, hivyo mwaka 2001 ikawekwa nakala ya shaba nyeusi, na ile ya mawe ikapelekwa makumbusho ya jiji.

Wareno humpenda kwa riwaya zake, na Januari 2025 mabaki yake yalihamishiwa Panteão Nacional, wanakozikwa mashuhuri wa Ureno. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi ya gazeti. Mwaka 1867, akiwa kijana wa miaka 21, alikwenda mji wa Évora kuendesha gazeti la Distrito de Évora na akaliandika karibu lote peke yake. Mwaka 1871 yeye na mwandishi mwenzake Ramalho Ortigão walianza kutoa As Farpas, vijitabu vya kila mwezi vilivyowachapa wanasiasa na mapadri bila kumwogopa mtu. Mwaka huohuo alizungumza kwenye mihadhara iliyofanyika hapahapa Chiado, na serikali ikaifunga.

Halafu akapelekwa Havana, mji mkuu wa Cuba, 1872, kuwa konsuli wa Ureno. Hili ndilo ninalotaka msomaji mwenzangu alijue. Wachina kwa maelfu walikuwa wamesafirishwa kupitia bandari ya Macau, iliyokuwa ya Ureno, kwenda kukata miwa Cuba, iliyokuwa koloni la Hispania, kwa mikataba ya miaka minane. Mkataba ukiisha walinyimwa hati za kuishi huru, kisha wakalazimishwa kuingia mkataba mwingine. Ulikuwa utumwa, hata kama karatasi ziliuita kibarua. Konsuli mwingine angenyamaza ale mshahara wake. Eça aliwadai wakuu wa Kihispania hati za watu hao, na akaandika kwa serikali yake mwenyewe kueleza wanavyotendewa.

Simtakasi. Katika riwaya yake iliyotoka 1900, A Ilustre Casa de Ramires, shujaa wake anakwenda Zambezia, huko Msumbiji iliyotawaliwa na Ureno, na kurudi tajiri, na watu wa Zambezia wenyewe hatuwasikii wakisema neno. Linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa sababu jicho lililoona mateso ya Mchina shambani Cuba lingeweza kumwona na Mwafrika wa Zambezia. Kosa hilo tumtaje nalo waziwazi. Lakini kumweka kapu moja na waliobeba bunduki ni kumwonea.

Ombi langu kwako, Mhariri: kama chumba chenu cha habari kina mtu anayesoma Kireno, atuandikie makala juu ya ripoti zile za Havana. Vijana wanaoingia kazi ya uandishi wa habari wangefaidika nazo sana. Nami nikipata siku ya mapumziko nitawapigia picha sanamu hiyo, mbele na ubavuni, mzitumie mkipenda.

Msomaji wenu,
Lisbon, Ureno